Hela ya viwanja vya mtaani ipo, ila ardhi yetu haina karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo la viwanja vya mtaani na hizi hela za ruzuku ambazo kila siku tunasikia zipo. Mimi ni katibu wa timu ya mchangani huku pembezoni mwa Dar, huu mwaka wa 11, sina mshahara wala posho, na nimeamua kuandika kwa sababu Jumamosi iliyopita tumefika mazoezini saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukakuta tripu mbili za mawe zimemwagwa pale kwenye kona, upande wa mwembe, na kila tunayemuuliza anasema hajui ni ya nani. Aliyeishi Dar anajua mawe ya msingi yakishamwagwa kwenye eneo la wazi kinafuata nini. Wiki ya pili mchanga, halafu tofali, halafu unaamka siku moja ukuta umefika kiunoni na mwenye ukuta anakuonyesha karatasi yenye mhuri.

Kile kiwanja sisi tumekikuta. Wazee wanasema watu walikuwa wanacheza pale tangu huku kote ni mikorosho. Kwa hatua za mtu mzima ni kama mia moja kwa sitini, upande wa chini maji ya mvua yanatuama mpaka wiki mbili, na katikati pana mteremko ambao mgeni akija kucheza na sisi lazima kipindi cha kwanza aushangae. Asubuhi wanacheza watoto, jioni wakubwa, Alhamisi na Jumapili mabinti. Ila ukiacha mpira, sala ya Idi inasaliwa pale, mkutano wa mtaa unafanyika pale, wakija watu wa chanjo wanaweka meza yao pale chini ya mwembe, msiba ukiwa mkubwa turubai linafungwa pale, na shule ya msingi ya jirani ambayo haina uwanja inaleta watoto pale kujiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kwahiyo huyu aliyemwaga mawe kaingia kwenye sebule ya mtaa mzima.

Sasa nije kwenye ruzuku. Mwaka juzi kijana wetu mmoja aliona tangazo mtandaoni, shirika moja linatoa ruzuku kwa miundombinu ya michezo na miradi ya jamii, nikasema Mungu katuona. Tulikaa siku tatu usiku kwenye genge la mama mmoja mwenye taa nzuri tukiandika andiko la kuomba hiyo hela. Hatukuomba makubwa, tuliomba greda siku mbili, kifusi, mtaro wa kutoa maji, magoli mawili ya chuma na nyavu zake, choo cha matundu mawili na tenki la maji, basi. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kurasa 14, tukamuomba mwalimu mmoja wa sekondari akawa anatutafsiria huku anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Tulipofika ukurasa wa tano wanataka hati ya kiwanja au mkataba wa kukitumia usiopungua miaka 10. Ukurasa wa sita wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Hesabu zetu zipo zote kwenye kaunta buku, kila mia tano ya mchezaji imeandikwa jina na tarehe, hela inakaa kwenye laini ya timu na haitoki bila watu watatu kukubaliana, lakini mkaguzi mwenye leseni tulipomuuliza bei alitaja hela inayozidi bajeti yetu ya mwaka mzima.

Hesabu ningesema tungechangishana. Hati ndo ilituzungusha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatuandikia barua, tukaenda kwa mtendaji wa kata akagonga mhuri, akatutuma ofisi ya ardhi, na ardhi kweli wakatufungulia mchoro wa mipango miji na kiwanja chetu kipo, kimepakwa rangi ya kijani, kimeandikwa eneo la wazi. Nilifurahi nikajua yameisha. Nikauliza hati anayo nani, nikajibiwa eneo la wazi halina hati, ni la umma. Nikauliza basi nani anaweza kutusainia kwamba tuna ruhusa ya kukitumia na kukitunza miaka 10, nikaambiwa andikeni barua kwa mkurugenzi. Tuliandika. Tulirudi mara nne kwa nauli zetu, mara faili liko kwa mwanasheria, mara afisa yuko semina, mwisho siku ya kufunga maombi ikatupita tukiwa tumekaa kwenye benchi la korido, mimi na mweka hazina, tumeshika bahasha. Sitaji ofisi wala sitaki kumchongea mtu kazi yake, maana nilivyokaa pale nilielewa kwamba hata yule afisa hana fomu ya kitu tunachoomba. Akija mtu kununua kiwanja fomu ipo, kibali cha kujenga nacho kina fomu yake, lakini wakija watu wa mtaa wanataka walinde na kutunza eneo la wazi ambalo tayari ni lao, hakuna pa kusaini.

Na hapo ndo penye shida yote kwa maoni yangu. Mfadhili hawezi kumwaga milioni zake kwenye ardhi ambayo kesho inaweza kuwa na ukuta, mimi simlaumu, hata ningekuwa mimi nisingetoa. Kwahiyo hela inapita juu ya vichwa vyetu inaenda kwa wenye hati, na wenye hati mara nyingi ndo hao hao ambao tayari wana uwanja.

Kwamba hela ipo siyo maneno ya kijiweni. FIFA wana programu yao ya Forward iliyoanza 2016, na kwa awamu hii ya 2023 hadi 2026 kila shirikisho mwanachama linaweza kupata mpaka dola milioni 8, milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi kama viwanja na vituo. Kwetu matunda yake tumeyaona, TFF, shirikisho letu la soka, imejenga kituo cha ufundi Kigamboni na kingine Mnyanjani kule Tanga, ni kazi nzuri na nawapongeza kwa moyo mmoja. Serikali nayo kwenye bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira vya majijini, na bajeti hiyo hiyo ikaelekeza asilimia 5 ya kodi inayotokana na kubeti matokeo ya michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo.

Hii ya kubeti inanigusa kuliko zote. Nyuma ya goli letu la juu kuna kibanda cha kubeti, kina taa, kina feni, kina tivi tatu, na ninawaona vijana wangu wakitoka mazoezini wanaingia pale na buku la nauli wanaweka mkeka wa timu 14, halafu wanatembea kwa miguu kwenda nyumbani. Inaniuma sana. Hela ile inatoka kwenye mfuko wa kijana wa mchangani, inapita kampuni, inapita kodi, inafika mfuko wa michezo, sasa kipande chake kingerudi mita 40 tu kutoka pale ilipotolewa, kikawa choo cha mabinti au mtaro wa maji, walau tungejua imerudi nyumbani.

Kuna watu wanatuambia chukueni mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba na umewasaidia wengi, wapo vijana wa timu yetu wamepata bodaboda kwa njia hiyo. Lakini ule ni mkopo, unataka marejesho, na kiwanja cha mtaa hakina marejesho, huwezi kumtoza mtoto wa miaka 9 kiingilio cha kucheza mpira ili ulipe halmashauri. Mfuko wa Jimbo, ile hela ya maendeleo ya kila jimbo la ubunge, upo kisheria tangu 2009 ila kwenye foleni ile mbele yetu kuna madawati na paa la zahanati, na zahanati ina haki ya kutangulia, siwezi kubishana na hilo.

Kuna kijana alikulia kwenye kiwanja hiki hiki sasa anaishi Uingereza, wikendi anafundisha timu ya watoto, ndo alinieleza wenzetu wanavyofanya nikamuuliza maswali mpaka bando lake likaisha. Wana taasisi inaitwa Football Foundation, ilianzishwa 2000, hela yake inachangwa na Premier League, chama chao cha soka FA na serikali, na kazi yake ni viwanja vya watu wa kawaida. Nilidhani ataniambia kule hawaulizi hati. Wanauliza, tena kwa ukali. Tofauti ni kwamba halmashauri za kule viwanja vyao vimeandikishwa, na klabu ndogo inayoendeshwa na wazazi inaweza kukodishiwa uwanja kwa mkataba wa miaka mingi, kwahiyo ikifika siku ya kuomba ruzuku karatasi iko mezani. Kitu kingine kilichonivutia, wana ruzuku ya kutunza tu uwanja wa nyasi za kawaida, inalipwa kwa miaka kadhaa huku inapungua kidogo kidogo ili klabu izoee kujitegemea. Mtu wa klabu anazunguka uwanjani na simu yake, anapima urefu wa majani, anapiga picha mashimo, anatuma kwa programu inayoitwa PitchPower, na mtaalamu wa viwanja anamrudishia ripoti ya nini kifanyike. Ripoti hiyo ndo anaombea hela. Mimi simu ninayo, mashimo ninayo, picha naweza kupiga leo jioni.

Na anayesema Uingereza ni matajiri tusijilinganishe nao, basi aangalie hapo jirani Nairobi. Mathare, mtaa wenye shida kuliko wetu, mwaka 1987 kulianzishwa MYSA, chama cha michezo cha vijana, na utaratibu wao ulikuwa timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, yaani watoto wanazoa taka na kuzibua mitaro na ile kazi inahesabika kwenye msimamo wa ligi kama ushindi unavyohesabika. Kutoka kwenye mfumo ule ikazaliwa Mathare United ambayo ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Ninachokipenda mimi pale ni kwamba uaminifu wa timu ulipimwa kwa kitu kinachoonekana kwa macho, mtaro umezibuliwa au haujazibuliwa. Mfadhili wa kwetu naye anaweza kutupima hivyo kwa kuanzia na hela ndogo. Atupe milioni mbili za mtaro, aje aone mtaro na risiti, akiridhika atupe tano za choo. Hesabu za miaka mitatu zenye saini ya mkaguzi aziombe kwa anayetaka milioni mia.

Nizungumzie utunzaji maana hapa wafadhili wanakosea na sisi tunakosea pamoja nao. Zamani kidogo kampuni moja ilituletea magoli ya chuma, kwa kweli yalikuwa mazuri, yamepakwa rangi nyeupe, wakaja na bango, wakapiga picha na watoto wameshika mipira, tukashukuru. Haikufika miezi mitano goli moja likakatwa usiku na msumeno, asubuhi tumekuta visiki viwili vya chuma ardhini vinang'aa pale palipokatwa. Limeenda kwenye vyuma chakavu. La pili tuling'oa wenyewe tukalilaza nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa timu na mpaka leo tunachezea mirunda. Kosa letu ni kwamba hatukuwa na mlinzi na hatukuuliza mlinzi atalipwa na nani.

Mtu anayekitunza kiwanja chetu ni mzee mmoja, fundi uashi mstaafu. Kila Ijumaa jioni anachanganya chokaa na majivu kwenye kopo la rangi la lita nne ambalo kalitoboa matundu chini kwa msumari, anafunga kamba ya katani kutoka kona hadi kona, halafu anatembea taratibu pembeni ya kamba huku anatikisa kopo, na mstari unatoka umenyooka kuliko wa viwanja vingi vya ligi. Akimaliza anapita na ndoo ya udongo mfinyanzi anaziba mashimo, anashindilia kwa kisigino. Hatumlipi chochote, ni chai na chapati. Kwenye andiko letu tulimwekea elfu themanini kwa mwezi, na mtu mmoja mzoefu wa maandiko akatushauri tuifute, akasema wafadhili hawapendi kuona mishahara, wanapenda kuona vitu. Tukaifuta. Mpaka leo naona tulikosea, kwa sababu kila kitu ambacho mfadhili angetujengea pale kingekaa au kufa kwa mkono wa yule mzee. Hata nyasi bandia zenyewe ambazo watu wanazililia, zulia lile linataka kupigwa brashi, linataka kuongezewa chembe za raba, na baada ya miaka kama 10 linataka kubadilishwa, Uingereza wanaopewa ruzuku ya zulia wanatakiwa kila mwaka waweke akiba ya kununua jingine. Sisi tukipewa zulia leo bila hela ya kulitunza, baada ya miaka michache tutakuwa na mkeka uliochanika juu ya udongo uliokufa, bora hata vumbi letu.

Na choo. Watu wakisikia ruzuku ya uwanja wanawaza nyasi na taa, mimi ukiniuliza kitu cha kwanza nasema choo. Timu yetu ya mabinti ilianza na wachezaji 22, leo wako 13, na hakuna aliyeacha kwa sababu hapendi mpira. Uwanjani hakuna pa kubadilisha nguo, wanafungiana kanga chini ya mwembe huku wavulana wanaambiwa geukeni. Choo walikuwa wanaomba kwa jirani mmoja, mama mkarimu sana, lakini watu 20 kila wiki na maji ya kununua kwa ndoo, akachoka, nani asingechoka. Binti akiwa kwenye siku zake haji kabisa. Mzazi mmoja alinifuata akaniambia bila hasira, katibu, mpira mzuri lakini mwanangu hawezi kukaa masaa matatu pasipo na choo. Nilikosa jibu. Choo cha matundu mawili chenye maji kingerudisha wale tisa kabla hata ya kusawazisha ule mteremko, na kingewasaidia akina mama wa chanjo na watu wa msibani pia.

Najua wengine watasema nchi iko kwenye mambo makubwa, AFCON ya 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000, mtu wa mchangani asubiri. Mimi AFCON naisubiri kwa hamu kama kila mtu na nitaenda uwanja wa Mkapa kwa miguu ikibidi. Ila wale watakaocheza pale wameanzia wapi? Mbwana Samatta mpaka akafika Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, njia yake ilianzia Mbagala. Watoto wa umri ule wapo leo kwenye viwanja vinavyomwagiwa mawe.

Ninachoomba kwa halmashauri zote, siyo ya kwetu tu, ni karatasi moja. Kiwanja ambacho kwenye mchoro ni eneo la wazi na watu wanakichezea kila siku kipimwe, kiwekwe bikoni za mipaka, kiandikishwe kwa jina la halmashauri yenyewe ili asiuziwe mtu, halafu mtaa na timu zilizosajiliwa zipewe mkataba wa kukitumia na kukitunza kwa miaka inayoeleweka, na masharti yawemo kwamba hakuna kujenga fremu za biashara, watoto na mabinti wana siku zao, mtaa ukiwa na Idi au msiba mpira unasimama. Afisa michezo awe na nakala. Tukiwa na karatasi hiyo TFF wana pa kuanzia, mfuko wa michezo una pa kuanzia, na yule mfadhili wa kurasa 14 hana sababu ya kutukataa kwenye ukurasa wa tano. Na fomu ziandikwe kwa Kiswahili, makatibu wa timu za mtaani wengi tunakisoma na kukiandika vizuri, na wanaotoa hela hapa nchini wanakijua.

Mawe bado yapo pale wakati naandika. Jana vijana walitaka kuyasomba wakayatupe bondeni nikawazuia, nimeyapiga picha na gazeti la siku hiyo pembeni ili tarehe ionekane, na mzee wetu amechora mstari wake wa chokaa akayazungusha yakabaki nje ya kona, watoto wamecheza hivyo hivyo. Jumatano tunaenda tena ardhi, safari hii watu sita, na mama wawili wa mtaa wamesema watakuja na watoto wao wa timu wakiwa wamevaa jezi. Mhariri, kama barua hii itatoka kabla ya Jumatano naomba utuwekee nakala, tutaipeleka pamoja na kaunta buku.

Katibu wa timu ya mtaani,
Dar es Salaam